Jinsi Kano ilivyoikubali tena chanjo ya polio

Mwaka 2003, jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio. Uvumi ulidai matone ya chanjo hiyo yalitiwa dawa ya kufunga uzazi. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi: mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake kwa watoto wa Kano, na 11 kati ya waliokuwa kwenye jaribio walifariki.

Mgomo ulidumu karibu mwaka mzima, na virusi vikavuka mipaka. Takwimu peke yake hazikufua dafu. Chanjo ilirejea mwaka 2004, ikiagizwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Baadaye masultani, maimamu na wanawake wa mtaa ndio waliofungua milango. Mwanamke huingia uani, mahali mwanamume mgeni hapiti. Humdondoshea mtoto matone mawili mdomoni, kisha humtia wino kidoleni. Wazazi walilalamika, na kwa haki, kwamba dawa za malaria hazikuletwa nyumbani hivyo. Kambi za afya zikaanza kutoa matibabu mengine pia.

Tarehe 25 Agosti 2020, Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili.