Mita za maji za kidijitali: swali lenye hakuna mtu anauliza

Kila mdahalo wa kaunti lazima mtu aahidi mita za kidijitali za maji. Wengine wanashangilia, wengine wanasema ni wizi. Shida ni kwamba wanabishana kuhusu vitu viwili tofauti.

Kuna mita inayojisoma. Inatuma hesabu ya matumizi kwa mtandao wa simu ama redio, hakuna mtu anakuja kubisha geti. Kama umewahi kuletewa bili ya kukadiria na mfereji ulikuwa umekauka mwezi mzima, unajua faida yake. Kampuni nayo inalinganisha maji yaliyoingia mtaani na yaliyopita kwenye mita, inajua yanapotelea wapi. Hapa Kenya zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosambazwa hayalipiwi: mabomba yanavuja, wengine wamejiunganishia.

Halafu kuna valvu inayofungwa kutoka mbali, mara nyingi na tokeni kama za stima. Tokeni ikiisha, maji yanakatika hapo hapo. Siasa yenyewe iko hapa, kwa sababu Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema maji safi ya kutosha ni haki. Wakaazi wa Phiri, Soweto, walipeleka mita za tokeni kortini. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema ni halali. Lakini kule kila nyumba ilikuwa inapewa lita 6,000 bure kwa mwezi. Hiyo sehemu wanaoipigia debe huku huwa wanairuka.

Kwa hivyo mgombea akikuja na hiyo ahadi, muulize: iko na valvu? Ni lita ngapi hazifungwi hata kama sina pesa?