Mwindo na Hadhira Yake: Kwa Nini Twampenda Shujaa Kombo?

Swali lililozaa makala hii liliulizwa darasani, mjini Butembo, na mwanafunzi aliyekuwa amekesha usiku mzima akisoma katika simu yake riwaya ya Marlon James iitwayo Black Leopard, Red Wolf (2019). Mhusika mkuu wa riwaya hiyo, Tracker, ni mtu wa kinyongo na ulimi mkali; anaua, tena anasimulia mambo yake kwa namna ambayo msomaji hajui amwamini wapi. "Mwalimu," akauliza kijana yule, "mbona nampenda mtu ambaye nisingekubali awe jirani yangu?" Darasa lilicheka, nami nikacheka pamoja nao. Jibu nililolitoa siku ile, hata hivyo, lilikuwa la haraka, nalo halikuniridhisha.

Mhusika wa namna hiyo tutamwita hapa shujaa kombo, yaani mhusika anayebeba kisa kizima mabegani mwake lakini hana sifa njema ambazo jamii humtarajia shujaa awe nazo. Katika riwaya ndefu za kubuni za Ulaya na Marekani, zile zenye falme, majini na silaha za kichawi, mhusika huyu ana historia yake. Mwingereza Michael Moorcock alimleta Elric mwaka 1961, mfalme mgonjwa ambaye upanga wake unakula roho za watu, wakiwamo marafiki zake mwenyewe. Mwaka 1977 Mmarekani Stephen R. Donaldson alianza mfululizo wa Thomas Covenant, mwandishi mwenye ukoma ambaye, mara tu baada ya kuingia katika nchi ya ajabu, anatenda uovu ambao wasomaji wengi hawakumsamehe. Wengine walikitupa kitabu hapo hapo. Waliobaki walimfuata katika juzuu 10, hadi ya mwisho ilipotoka mwaka 2013. James naye, katika juzuu yake ya pili (2022), alimpa nafasi mchawi Sogolon asimulie matukio yale yale kwa upande wake, na msomaji aliyeapa kwa jina la Tracker akajikuta hana pa kusimama.

Mtu angeweza kuishia hapo na kusema kwamba shujaa kombo ni zao la karne ya 20, karne iliyochoka na mashujaa. Maelezo hayo ndiyo niliyoyatoa darasani, na ndiyo ninayotaka kuyasahihisha. Haikunipasa kwenda London wala New York. Ilinipasa kwenda Walikale, katika jimbo letu hili hili la Kivu Kaskazini.

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, fanani aliyeitwa Shé-Kárisi Rureke aliimba, akasimulia na kuucheza utendi wa Mwindo mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck na mwandishi kijana Mnyanga, Kahombo Mateene. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Matini ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza vilichapishwa na University of California Press mwaka 1969, na mwaka 1978 Biebuyck akatoa kitabu cha pili chenye masimulizi mengine ya Mwindo kutoka kwa mafanani wengine. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya Mwindo hatuzungumzi juu ya kisa kimoja kilichofungwa. Kila fanani alikuwa na Mwindo wake, na hadhira ililijua hilo.

Inafaa tukae kidogo na hadhira hiyo, kwa sababu ndiyo yenye jibu la mwanafunzi wetu. Kwa desturi utendi huu haukuimbwa wote kwa mfululizo; fanani aliimba sehemu moja leo, nyingine siku nyingine. Alijifunga njuga miguuni, akashika kibuyu cha mbegu, huku vijana wakigonga vijiti na kuitikia nyimbo. Wasikilizaji walimtunza kwa vyakula, pombe na zawadi nyingine, naye alizitaja haja zake katikati ya utendi bila haya: koo limekauka, tumbo li tupu. Wengi waliokaa hapo walikwisha kukisikia kisa. Hapakuwa na siri ya mwisho iliyowaweka macho. Walikuja kumtazama mtu wanayemjua akirudia makosa wanayoyajua, kama vile sisi tunavyomtembelea mjomba mlevi mwenye maneno matamu. Msomaji wa leo anayesubiri juzuu mpya kwa miaka mitano ana shauku, naam, lakini ni shauku ya asiyejua. Hadhira ya Rureke ilikuwa na shauku ya anayejua, nayo, kwa maoni yangu, ndiyo kali zaidi.

Mwindo ni mtu wa namna gani, basi? Babaye, chifu Shemwindo wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Atakayezaa mvulana, mtoto atauawa. Sita wakazaa mabinti. Wa saba, aliyekuwa mke kipenzi, akachelewa, na mtoto akajichagulia mwenyewe njia ya kutokea: katika kidole cha kati cha mamaye. Alizaliwa akicheka, akisema na kutembea, mkononi ameshika usinga wake, conga kwa Kinyanga, wenye nguvu za ajabu. Ndiyo maana anajiita Kabutwa-kenda, yaani mdogo aliyezaliwa tu akaenda, jina ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji msaada mkubwa kulielewa. Baba akamrushia mikuki, haikumpata, akamzika, akatoka, akamtia ndani ya ngoma na kumtosa majini, na ngoma ikaelea hadi kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka wa maji.

Hadi hapo twamwonea huruma, na ni haki. Lakini Mwindo hanyamazi. Anajigamba asubuhi na jioni. Anamwimbia baba yake vitisho, anatangaza kwamba hakuna wa kumweza, na akifika Tubondo na jeshi la wajomba zake anauteketeza mji wote kwa radi ya Nkuba. Walioangamia wengi wao hawakumkosea lolote. Kisha anamwinda baba yake hadi kuzimu. Kila mahali anajisifu kwa nguvu zake peke yake, na kila mahali anaokolewa na wengine: shangazi, wajomba wahunzi waliomfanyia mavazi ya chuma, buibui anayemtandia madaraja juu ya mashimo ya mtego, Kahindo binti wa kuzimu anayemwonya asile wala asikae anapokaribishwa. Fanani haielezi tofauti hiyo kati ya majigambo na ukweli. Anaiacha ionekane, na hadhira inacheka.

Darasani, tulipoisoma sehemu ya vita vya Tubondo, kicheko kilikatika. Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa upande wa Beni, alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye hawezi kumshangilia kijana anayejiona hapenyezwi na mikuki na anayeunguza mji kwa sababu ya ugomvi wake na baba yake. Hakuhitaji kueleza zaidi. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni wameuawa kwa wingi vijijini na mashambani mwao, na vijana wanaojigamba kwamba risasi zitageuka maji wamepita katika barabara zetu zote. Walikale yenyewe imevamiwa na majeshi mara baada ya mara. Je, mwalimu anayefundisha Mwindo mahali kama hapa anafundisha nini? Swali hili ni zito kuliko lile la kwanza, na mtu asilijibu kwa kusema kwamba hiyo ni fasihi tu.

Nilimwomba aendelee kusoma, kwa maana utendi hauishii Tubondo. Mwindo anampata baba yake, lakini hamwui. Anamrudisha nyumbani, anawafufua waliokufa, na mbele ya watu wote Shemwindo anakiri uovu wake. Nchi inagawanywa, na baba, mwana na shangazi wanakaa katika viti vitatu vya shaba. Riwaya nyingi zingekomea hapo. Rureke hakukoma. Siku moja Mwindo anatamani nyama ya nguruwe mwitu, anawatuma wawindaji msituni, nao wanauawa na Kirimu, dubwana ambalo jina lake laonekana kuwa na asili moja na zimwi letu. Mwindo anamwua Kirimu. Kwa desturi ya mashujaa hicho ni kilele cha sifa. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba kwa kuchanjiana damu, na Nkuba ndiye aliyempigania Mwindo pale Tubondo.

Nkuba anashuka kumchukua rafiki yake. Huko juu Mwindo, ambaye hajapata kukosa neno, anajaribu kujigamba na usinga wake hausikii. Mvua inampiga. Baridi inampiga. Mwezi unaziunguza nywele zake, jua linamkausha koo, naye hana wa kumwita, kwa sababu wasaidizi wake wote wako chini. Anakaa huko mwaka mzima, na anaonywa asimwue tena mnyama yeyote. Anaporudi Tubondo anawakusanya watu na kuwapa amri zake: walime vyakula vya kila aina, wajenge nyumba nzuri, wasigombane, wasimfuate mke wa mtu, wasimcheke mgonjwa apitaye kijijini. Ni maneno ya kawaida mno, ya mzee yeyote barazani. Uzito wake unatokana na kinywa kinachoyasema.

Hapo ndipo niliposadiki kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa na kosa. Hadhira ya Wanyanga haikumpenda Mwindo licha ya makosa yake, wala kwa sababu ya makosa yake. Ilimpenda ikiwa inaujua mwaka ule wa baridi unaomngoja, na kila jigambo lake lilisikiwa pamoja na baridi hiyo. Anayesoma hadi Tubondo tu atapata bango la vita. Elric na Covenant nao huadhibiwa, tena kwa ukali, lakini adhabu yao kwa kiasi kikubwa ni ya nafsi, ya mtu na majuto yake. Ya Mwindo ni ya utawala: chifu hawezi kutawala mpaka ameonja kutokuwa na nguvu. Fumo Liyongo wa pwani, ambaye wanafunzi wa Kiswahili humjua zaidi, hakupewa nafasi hiyo. Sindano ya shaba aliyochomwa na mwanawe ilimaliza yote.

Limebaki jambo la lugha. Mateene, yule mwandishi kijana wa mwaka 1956, baadaye aliongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala na kutetea kwa maandishi mengi lugha za Kiafrika zitumike shuleni na serikalini. Hata hivyo tafsiri iliyoutangaza utendi wake duniani ni ya Kiingereza, na wanafunzi wa Butembo, wanaofundishwa kwa Kifaransa, huusoma kwa kamusi mkononi kana kwamba Walikale iko ng'ambo ya bahari.

Mwanafunzi yule wa Beni na wenzake wawili wameanza kuifasiri kwa Kiswahili sehemu ya mbinguni, hiyo tu kwa sasa. Walikwama wiki mbili juu ya conga. Mmoja alipendekeza "fimbo ya kifalme", na likakataliwa, kwa kuwa fimbo hupiga tu, na chombo cha Mwindo hufufua pia. Mwingine alitaka "mgwisho". Mwishowe wameandika "usinga", na pembeni, kwa kalamu ya risasi, wameweka alama ya kuuliza.