Jumamosi Greenwich

Mwanafunzi asomaye London, apatapo nafasi siku ya Jumamosi, aweza kupanda mashua ya abiria pamoja na rafiki zake hapo Westminster, wakashuka kwa Mto Thames hata wafike Greenwich. Juu ya kilima pana nyumba ya kutazamia nyota, iliyoanzishwa mwaka 1675. Uani umelazwa mstari wa madini, na vijana husimama mguu mmoja mashariki na mguu mmoja magharibi, wakacheka. Lakini mstari ule haukuwekwa kwa mchezo.

Hapo kale nahodha alijua kwa jua na nyota kadiri alivyo kaskazini au kusini. Bali umbali wa mashariki na magharibi aliukisia tu, na merikebu nyingi zikavunjika miambani. Sasa fikiri: dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Basi nahodha mwenye saa iliyotegwa kwa majira ya Greenwich, akiona kwake ni adhuhuri, na saa yake yaonyesha saa tisa alasiri, ajua yuko digrii 45 magharibi. Saa ya kutumainiwa hivyo baharini ilitengenezwa na John Harrison, seremala, akaimaliza mwaka 1759. Imehifadhiwa kilimani papo hapo, nayo ni ndogo kuliko watu wadhaniavyo.

Wageni wasiondoke kabla ya saa saba mchana. Dakika chache kabla, tufe jekundu hupandishwa mlingotini juu ya paa. Saa saba kamili huanguka, upepo usipokuwa mkali. Tangu mwaka 1833 manahodha waliotia nanga mtoni walilitazama, wakasahihisha saa zao, kisha wakatweka.