Chama cha filamu Busia na Malaba: ununue au ukodi?

Kikundi kikitaka kuonyesha filamu mpakani, swali la kwanza huwa bei ya projekta. Mimi ningetazama jua kwanza. Huku magharibi giza halikolei kabla ya saa moja na nusu usiku, na projekta ya bei ya chini haionyeshi kitu nje pakiwa na mwanga. Filamu ya saa mbili itaisha saa tatu na nusu, na mama wa sokoni atalipa bodaboda ya usiku zaidi kuliko alivyolipa mlangoni. Kwa watu thelathini hivi, kodi kibanda cha video alasiri ya siku isiyo na mechi. Skrini, spika na mabenchi tayari vimo.

Ukiwa na ukumbi wako, hesabu stima. Projekta na spika zikila wati 400, saa mbili ni uniti 0.8. Tuseme uniti ni shilingi 30: unalipa shilingi 24. Jenereta ndogo itakunywea lita moja hivi, na petroli ikiwa shilingi 180, umelipa zaidi ya mara saba, tena ukanunua na kelele. Iwe ya akiba tu, stima ikipotea.

Filamu yenyewe ndiyo watu hupenda kuipata bure. Sauti ya msimulizi wa filamu kama DJ Afro, au ya mavijei wa Kiganda ng'ambo ya pili, haikupi haki ya kutoza kiingilio. Hata *Who Killed Captain Alex?* ya studio ya Wakaliwood ya Uganda, iliyoko YouTube, iombee ruhusa kwanza. Chaguo langu la kuanzia ni *Supa Modo* (2018) ya Likarion Wainaina, ambamo kijiji kizima kinatengeneza filamu kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Mtu mmoja mwenye maikrofoni aifasiri kwa Kiteso. Ni nafuu kuliko kuandika manukuu. Kabla ya kubandika mabango, ulizia ada za KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, kwa kuwa maonyesho ya hadhara yako chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222.

Projekta je? Uingereza, shirika la Cinema For All limewahi kukodisha vifaa kwa vyama vidogo. Huku kwetu, vikundi vya Busia na Malaba vinunue projekta moja kwa ubia, isafiri kwa matatu kupitia Adungosi, wiki huku, wiki kule. Mkataba useme nani ananunua taa ikiungua. Mimi ningetaka mfuko wa pamoja: taa huchakaa kwa saa za miezi mingi, si kwa kosa la aliyekuwa nayo ilipozimika.