Ardhi ya Kuazimwa: Fiqhi na Mkasa wa Wanubi wa Kibera

 

Mafakihi wanatenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: kumiliki ardhi, na kuruhusiwa kuitumia. Mwenye kumiliki huuza, hurithisha na huweka wakfu. Aliyeazimwa, ambaye mkataba wake katika fiqhi unaitwa ariya, hana hata moja katika hayo. Hunufaika tu mpaka mwenyewe atakapoitaka mali yake. Makala hii inaeleza jinsi tofauti hiyo ilivyowafika ndugu zetu wa Kibera, Nairobi, na kwa nini inatuhusu sisi wa Ilula.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Baitul Muqaddas. Israel ilipoutwaa upande wa mashariki wa mji huo mwaka 1967, Wapalestina waliohesabiwa humo walipewa kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia. Asiyeweza kuthibitisha kwamba makazi na shughuli zake ziko mjini humo hufutiwa kibali, na tangu mwaka huo zaidi ya watu 14,000 wamefutiwa. Aliyezaliwa katika nyumba ya babu yake anahesabiwa kama mgeni aliyekaribishwa.

Mfano wa karibu nasi uko Kibera. Wanubi wa Kenya ni vizazi vya askari wa Kisudani, wengi wao Waislamu, ambao Lugard aliwaandikisha mwaka 1891 na ambao baadaye waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles. Kuanzia mwaka 1904 waliwekwa pamoja na familia zao katika msitu uliokuwa pembezoni mwa Nairobi. Jina Kibera lenyewe linatokana na neno lao lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 eneo hilo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari aliyestaafu alipewa karatasi ya kumruhusu kukaa na kulima, lakini hakupewa hati ya miliki.

Karatasi hiyo ndiyo iliyozaa mashaka yote. Serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba Wanubi ni wapangaji wa Taji la Uingereza, na kwamba wanaweza kuondolewa wakati wowote. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Kibera iliendelea kuhesabiwa kuwa makazi yasiyo rasmi, na huduma za maji na maji taka hazikufika inavyostahiki. Mitaa kama Jamhuri, Langata na Ngei ilijengwa juu ya sehemu za ardhi ileile. Kwa miaka mingi vijana wa Kinubi waliofika miaka 18 walipelekwa mbele ya kamati za usaili kabla ya kupewa kitambulisho. Na asiye nacho hapati ajira rasmi, akaunti ya benki, wala pasi ya kwendea Hijja.

Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya pamoja ya ekari 288 tu.

Je, fiqhi inasemaje? Katika madhehebu ya Imam Shafi, aliyeazima ardhi yake anaweza kuirejesha, lakini si kwa dhulma. Akiwa aliiazima kwa ajili ya kujenga bila kushurutisha kubomoa, hawezi kuibomoa nyumba bure: ama aiache kwa kodi, ama aibomoe na alipe fidia ya hasara. Na akiwa aliiazima kwa ajili ya kuzikia, haruhusiwi kuirejesha mpaka athari ya maiti itoweke.

Wapo wanaosema kwamba Wanubi waliwatumikia wakoloni, na kwamba ardhi ile ilikuwa ya Wamaasai na Wakikuyu. Hoja hii ina uzito, kwani mporaji hawezi kumpa mtu miliki asiyokuwa nayo. Lakini haki ya aliyeporwa haihamii kwa serikali, wala mjukuu habebeshwi mzigo wa babu yake.

Sasa tujiangalie wenyewe. Viwanja vingapi vya misikiti na madrasa katika maeneo yetu vilitolewa kwa maneno matupu? Mtoaji akiwa hai, hakuna neno. Akifariki, warithi wana haki ya kuuliza: ilikuwa hiba, wakfu au ariya? Kwa Mashafi, wakfu huhitaji tamko. Kusali mahali kwa miaka 30 peke yake hakupageuzi kuwa wakfu.

Kwa hiyo tunawanasihi maimamu na kamati za misikiti mambo matatu. Kwanza, mtoaji atamke waziwazi mbele ya mashahidi kwamba anaweka wakfu, na iandikwe. Suratul Baqara, aya ya 282, inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Ardhi ni kubwa kuliko deni. Pili, mipaka ipimwe na hati iombwe, ikiwemo hakimiliki ya kimila kwa ardhi iliyo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Tatu, hati iwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, isiwe kwa jina la mtu mmoja. Yafanyike haya wakati wazee waliotoa viwanja bado wako hai.

Wallahu a'lam.