Kati ya Lami na Mlango wa Duka

Asumbi, upande wa Rangwe katika Kaunti ya Homa Bay, ni kituo kilichokulia kwenye misheni. Kanisa Katoliki, shule ya upili ya wasichana na chuo cha walimu ndivyo vilivyovuta maduka, na hadi leo wengi wanaoipitia barabara yake wako kwa miguu. Ukivuka mpaka hadi Rongo, Kaunti ya Migori, hali ni tofauti kabisa. Barabara kuu itokayo Isebania kwenda Kisii ndiyo pia barabara ya mji, na malori ya masafa marefu hupita palepale mama anapovuka na karai la omena kichwani.

Watu wengi huisifu barabara kwa lami na upana. Sisi wapangaji wa miji hutazama kwanza kasi ya magari, kisha ukingo, yaani kile kilichopo baina ya lami na mlango wa duka.

Kasi huamua nani atathubutu kutoka nje. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini na katika vituo vya biashara, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30 pale watu na magari wanapochanganyikana. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana: gari la kilomita 50 lina nguvu ya kugonga karibu mara tatu ya lile la 30. Tena madhara hayaishii kwenye ajali. Mtafiti wa miji Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco inayofanana, akakuta wakazi wa ule wenye magari machache wana marafiki mtaani mara tatu ya wale wa mtaa wenye magari mengi. Kelele na hofu ziliwafungia watu ndani.

Ukingo nao una mambo mengi. Tazama mtaro wa maji. Mhandisi wa barabara kuu huuchimba kwa kina na kuuacha wazi, kwa kuwa hesabu yake ni ya mvua ya masika. Mwenye duka hulaza mbao mbili juu yake ili wateja wavuke. Mzee mwenye mkongojo hazivuki. Mama mjamzito aliyebeba unga huzipima mara mbili. Mtaro uleule ukifunikwa kwa slabu imara huwa njia ya miguu, na duka hupata baraza.

Halafu kuna vibanda. Vikishachorwa alama nyekundu ya X, ya kubomolewa, watu huambiwa mji unasafishwa. Mimi napinga hilo waziwazi. Mwandishi wa masuala ya miji Jane Jacobs aliandika mwaka 1961 kwamba usalama wa mtaa hutokana na macho ya watu walio hapo, na msichana anayerudi nyumbani jioni anaijua thamani ya taa ya muuza chapati. Kosa ni kibanda kuziba njia na kumsukuma mpita njia kwenye lami. Kitengewe mahali nyuma ya njia ya miguu, na steji ya bodaboda ipewe pake.

Nairobi ilijaribu mwaka 2019 katika Luthuli Avenue: magari yakapunguziwa nafasi, njia za miguu zikapanuliwa. Lakini kubomoa na kujenga upya katikati ya jiji ni gharama kubwa. Asumbi bado inaweza kuamua mapema, kwa kuwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inazipa kaunti mamlaka ya kupanga vituo kama hivi na kuwataka wananchi washirikishwe. Wananchi, katika mikutano ya ushirikishwaji huo, mwombeni afisa aufungue mchoro wa mpango. Ulizeni kama njia ya miguu inafika mita mbili, ili watu wawili wenye mizigo wapishane. Kama mitaro imefunikwa. Kama matuta yapo mbele ya lango la shule. Ulizeni pia miti itasimama wapi, kwani mche huchukua miaka kabla ya kutoa kivuli, na nafasi isiyotengwa mchoroni itachukuliwa na nguzo za umeme.