Kuhama Nyumba na Tangi Kubwa la Samaki

Wenye kitabu mkononi, fuateni kwa macho maneno ninayoyasema. Mwalimu wa darasa ataandika ubaoni maneno magumu. Leo twazungumza juu ya tangi la kioo la kufugia samaki wa mapambo nyumbani, na hasa juu ya siku ile mwenye tangi anapohama nyumba.

Labda wasema, "Mimi sina tangi." Vyema, lakini huenda jirani yako analo, naye atakuita umsaidie kubeba. Ukiitwa, yafaa ujue unabeba nini.

Tuanze kwa hesabu. Tangi lina urefu wa sentimita 150, upana wa sentimita 50, na kimo cha sentimita 50. Zidisha zote tatu, utapata 375,000. Gawanya kwa 1,000, utapata lita 375. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi maji peke yake ni kilo 375, karibu sawa na magunia manne ya mahindi ya kilo 100. Bado hatujahesabu kioo, mchanga na mawe. Kwa hiyo tangi halihamishwi likiwa na maji, hata yakiwa nusu. Vioo vyake vimeshikana kwa gundi tu. Maji yakisukasuka ndani, au mchanga ukilemea upande mmoja, gundi huachia, au kioo cha chini hupasuka.

Hayo watu wengi wanayajua. Wasilolijua ni hili nitakalolisema sasa, nami nililijua kwa hasara.

Miaka kadhaa iliyopita nilihama kutoka Temeke kwenda Kinondoni. Tangi langu lilikuwa la kadiri hiyo, na ndani walikuwamo samaki 20 wa Ziwa Tanganyika. Hao ni samaki wadogo wenye rangi nzuri, wa jamaa moja na perege na sato. Niliwabeba kwa uangalifu mkubwa, wakafika wote hai. Nikafurahi. Kabla ya kuwarudisha tangini nikaosha kila kitu kwa maji ya bomba: mawe, mchanga, na chujio pamoja na sifongo zake, mpaka zikang'aa. Nilidhani ninawatendea wema. Siku ya nne nikawaona wanatwetea juu ya maji kama watu waliokimbia mlima. Juma lilipokwisha nilikuwa nimezika 13. Maji yalikuwa maangavu kabisa, ungeweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili.

Walikufa kwa nini? Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye somo.

Samaki hutoa uchafu uitwao amonia, na sehemu kubwa hutoka kwa njia ya matamvua. Harufu ya amonia unaijua. Ni ile inayopanda puani ukiingia katika banda la kuku lisilofagiliwa. Ndani ya maji huioni wala huinusi kwa urahisi, lakini humuunguza samaki matamvua. Ziwani maji ni mengi mno, amonia hupotea. Tangini haina pa kwenda.

Anayemwokoa samaki ni bakteria, yaani kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia iwe nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa aina ya pili huigeuza nitriti iwe nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa kidogo. Nitrati hiyo ni chakula cha mimea. Ndiyo maana maji ya tangi yanayomwagwa hufaa sana kwa mchicha, usiyatupe mtaroni.

Sasa, bakteria hawa wanakaa wapi? Watu wengi hudhani wamo ndani ya maji, kwa hiyo huhangaika kuhama na maji yote ya zamani. Majini wamo wachache tu. Wengi hushikamana na vitu: juu ya mchanga, juu ya mawe, na zaidi ya pote ndani ya chujio, katika sifongo na vipande vya kauri vyenye vitundu vingi. Ile rangi ya udongo unayoiona kwenye sifongo, ambayo mimi niliiita uchafu, ndani yake ndimo walimokuwa wafanyakazi wangu. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi, nayo haichagui kijidudu kibaya na kizuri. Niliwaua wote kwa asubuhi moja. Kuwapata wengine huchukua kama majuma manne hadi sita.

Jambo hili ni la hatari zaidi kwa samaki wa Tanganyika. Maji ya ziwa lile yana asili ya magadi, na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Kadiri maji yanavyokuwa ya magadi, ndivyo amonia inavyokuwa kali. Katika maji ya pH 7 yenye joto la sentigredi 25, kwa kila sehemu 100 za amonia, sehemu isiyofika hata 1 ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. Katika pH 9 ni sehemu 36 hivi.

Basi siku ya kuhama, mgeni wa heshima ni chujio. Nitakueleza ninavyofanya siku hizi.

Kwanza naenda nyumba mpya kabla ya mizigo. Natafuta mahali penye sakafu imara, na ikiwa ni ghorofani, karibu na ukuta unaobeba nyumba, wala si katikati ya chumba. Natazama kwa pimamaji kama meza ya tangi imelala sawa. Jua la dirishani lisilifikie, la sivyo maji yatageuka kijani. Waya wa umeme nauacha uning'inie chini ya soketi kisha upande, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Siku moja au mbili kabla ya safari siwapi samaki chakula. Hawatakufa kwa njaa, na watachafua ndoo kidogo tu. Siku yenyewe nafyonza maji kwa mpira, najaza ndoo za lita 20 zenye vifuniko mpaka theluthi mbili. Natoa mawe kwanza, maana ukimfukuza samaki katikati ya mawe utamjeruhi na wewe utachoka bure. Samaki wagomvi kila mmoja na ndoo yake. Kifuniko nakitoboa, kwa sababu samaki hutulia gizani lakini hewa lazima iingie. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni rafiki mwema kukiwa na foleni barabarani.

Chujio nalizima mwisho kabisa. Usilibebe likiwa limefungwa na maji ndani. Bakteria hawa wanahitaji hewa kama sisi, na maji yaliyosimama ndani ya chombo kilichofungwa huishiwa hewa kwa saa chache tu. Likiwashwa baadaye litatapika uozo tangini. Lifungue, mwaga maji yake, weka sifongo na kauri katika ndoo pana yenye maji kidogo ya tangi, na uache mdomo wazi. Zisikauke wala zisipigwe na jua. Mchanga uoshwe kwa maji ya tangi, si ya bomba.

Ukifika, kabla hujafungua hata sanduku la sufuria, simamisha tangi. Weka mawe makubwa kwanza, yakae juu ya kioo cha chini taratibu, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Samaki wa Tanganyika huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga litaanguka. Maji mapya ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Kuyaacha wazi mchana na usiku husaidia ikiwa ni klorini tupu, lakini miji mingine hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kungoja. Dawa ni salama zaidi. Rudisha chujio, liwashe. Halafu chota kikombe cha maji ya tangi utie katika ndoo ya samaki, ungoje dakika kumi, utie kingine. Baada ya saa moja hivi wahamishe kwa wavu.

Majuma mawili ya kwanza walishe kidogo mno, hata wakikuomba kwa macho. Pima amonia na nitriti kila siku kwa dawa ya kupimia inayobadili rangi. Rangi ikionyesha ipo, punguza robo ya maji na utie mengine yaliyotibiwa, siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika usiku, washa ile pampu ya betri.

Kazi ya darasa: Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50. Linachukua lita ngapi? Ukijaza kila ndoo ya lita 20 mpaka theluthi mbili, na ukitaka kuhama na nusu ya maji yake, utahitaji ndoo ngapi? Andika hesabu yako kwa maneno na kwa tarakimu, umpe mwalimu.